Waliomletea Yesu Habari

Tafakari ya Dominika ya 3 ya Kwaresima, Mwaka C (Luka 13:1-9)

Injili ya leo inaanza kwa taarifa ya habari. Watu wamemwendea Yesu kumweleza yaliyowapata Wagalilaya waliouawa na Pilato, damu yao ikachanganyika na damu ya sadaka zao. Ni habari mbichi, ina maiti ndani yake na ina siasa. Yesu anaisikiliza, halafu anaongeza nyingine ambayo bila shaka kila mkazi wa Yerusalemu alikwisha kuisikia: mnara wa Siloamu umeanguka, watu 18 wamekufa. Sisi wahubiri huwa tunapita hapo mbio ili tuwahi wito wa toba na ule mtini usiozaa. Leo naomba tukae kidogo kizingitini. Watu wameleta habari, na Bwana ameipokea.

Nimelishika jambo hili kwa sababu ya swali ambalo vijana wa Manika na Dilala, hapa Kolwezi, hawachoki kuniuliza: televisheni ya Kikristo katika mji wa migodi ni ya kazi gani? Wengine wanauliza kwa hamu, wangependa Kanisa liwe na kituo chenye nguvu kuliko vyote. Wengine wanauliza kwa kejeli, wamechoshwa na mahubiri ya kelele yanayoingia sebuleni mwao hadi usiku wa manane. Wote nawajibu kwa kurudi nyuma, maana skrini ilipotufikia ilikuja na tabia zake, na tabia hizo tulizirithi kabla hatujaanza hata kuota mnara wetu wenyewe.

Televisheni ya taifa ilianza Kinshasa Novemba 1966, mwaka mmoja tu tangu Mobutu atwae madaraka. Waliokuwa na umri wa kuona miaka ile wanakumbuka jinsi taarifa ya habari ya jioni ilivyofunguliwa: mawingu kwanza, kisha uso wa Mobutu ukishuka kutoka mbinguni polepole hadi ukajaza kioo chote. Mtoto aliyefundwa katekisimu alijua vizuri ni nani anayesubiriwa kuja na mawingu. Na ili pasiwe na shaka, mwaka 1974 Engulu, waziri wa mambo ya ndani, alitangaza hadharani kwamba Mungu ametuma nabii, nabii huyo ni Mobutu, na chama ndicho kanisa lake.

Kanisa lenyewe wakati huo lilikuwa limekwisha kuzibwa mdomo. Mapema mwaka 1972 Kardinali Malula alilazimika kwenda kukaa Roma kwa sababu ya mvutano wake na rais. Majina ya ubatizo yakapigwa marufuku. Mwishoni mwa mwaka huohuo vipindi vya dini vikafutwa redioni na kwenye televisheni, na vyama vya vijana vya makanisa vikavunjwa. Mwaka 1974 Krismasi ikawa siku ya kazi kama nyingine. Watu hupenda kusimulia habari hizo kama mateso ya Kanisa, nami sipingi. Ila mimi hutazama zaidi mwelekeo wa ile picha. Neno lilishuka tu. Hakuna mtu aliyeweza kupanda hadi pale mawinguni kusema kwamba Pilato ameua watu.

Mji wetu ulionja jambo hilo kwa uchungu wa pekee. Tarehe 13 Mei 1978 waasi wa kundi la FNLC waliingia Kolwezi kutoka upande wa Angola. Tarehe 19 askari wa Kikosi cha Kigeni cha Ufaransa wakaruka kwa miavuli. Wazungu zaidi ya mia moja waliuawa, na wenyeji mamia kadhaa. Ukimtajia mgeni wa Ulaya jina la Kolwezi, kama ana umri mkubwa kidogo atakukumbusha filamu ya Raoul Coutard ya mwaka 1980 juu ya miavuli hiyo. Filamu yenyewe ilipigwa Guyana ya Kifaransa, ng'ambo ya Atlantiki. Kwa hiyo mji ambao dunia iliutazama kwa jina la Kolwezi haukuwa Kolwezi, na mashujaa waliopewa majina na sura walikuwa wageni. Wafu wetu wa Manika walibaki bila msimulizi. Hadi leo ukoo mmoja unajua wa kwao, ukoo jirani wa kwao, na hakuna mahali majina yote yalipokusanywa.

Na hata hivyo imani haikufa mjini hapa miaka ile. Sababu moja, kwa maoni yangu, ni kwamba Wakristo wa Kolwezi walikuwa wamejifunza njia ya kupashana habari isiyohitaji mnara. Mwaka 1953 alihamia hapa Padri Placide Tempels, Mfransisko wa Ubelgiji, ambaye kitabu chake juu ya falsafa ya Kibantu, cha mwaka 1945, kilikuwa kimekwisha kumpa jina Ulaya. Hapa hakuandika sana. Alikaa na wafanyakazi wa kampuni ya madini ya Union Minière na wake zao, wakaongea Kiswahili usiku baada ya zamu, juu ya ndoa, watoto, uchungu, na kile ambacho mtu anakitamani mpaka kinamnyima usingizi. Mwenyewe alikiri baadaye kwamba alifika Kongo kama bwana wa kufundisha, na kwamba mambo yaligeuka siku alipoanza kuwasikiliza watu. Katika mazungumzo hayo ikazaliwa harakati iitwayo Jamaa.

Jamaa haikutangazwa popote. Mtu aliingia kwa kupitia mtu mwingine, mume pamoja na mkewe, hatua kwa hatua. Kampuni ilipomhamisha fundi kutoka kambi moja hadi nyingine, Jamaa ilihama naye, ikafika Likasi, ikafika Lubumbashi, ikavuka hadi Kasai. Tempels aliondoka mwaka 1962 asirudi tena, akafariki kwao mwaka 1977. Jamaa ikabaki mikononi mwa akina baba na akina mama wa kambini. Najua ilileta pia mabishano makali na maaskofu, na kuna matawi yaliyopotoka. Siipambi. Nasema tu kwamba mji huu uliwahi kutoa harakati iliyoenea nchi nzima ya Katanga kwa nguvu ya masikio.

Kwa kuwa nimewataja Wafransisko, walioanzisha sehemu kubwa ya misioni za upande wetu na kutupa askofu wa kwanza, Victor Keuppens, jimbo lilipoundwa mwaka 1971, nimtaje na dada yao. Papa Pius XII alimweka Mtakatifu Klara wa Asizi kuwa msimamizi wa televisheni mwaka 1958. Chanzo ni simulizi la usiku wa Noeli: Klara alikuwa mgonjwa kitandani, wenzake wameenda kanisani, naye akaona na kusikia ibada yote akiwa palepale alipolala. Wengi hucheka wakisikia. Mimi naona Roma ilichagua vyema. Haikumchukua mhubiri mwenye sauti kubwa ikamfanya msimamizi wa televisheni, ilimchukua mgonjwa asiyeweza kutoka nje. Kwenye simulizi hilo ibada inamfuata mtu alipo.

Milango ya redio na televisheni ilifunguka miaka ya tisini. Aprili 1990 Mobutu alitangaza kwa machozi mwisho wa chama kimoja, na tarehe 22 Juni 1996 ikatoka sheria ya uhuru wa habari inayomruhusu raia kuanzisha redio au televisheni yake. Walioamka mapema kuliko wote walikuwa wachungaji wa makanisa ya uamsho. Kinshasa ilijaa vituo vyao, kisha Lubumbashi, kisha miji midogo. Tuwape haki yao: walithubutu wakati sisi tulikuwa bado tunaitisha kamati. Walijua kwamba mwenye chumba kimoja, kamera, transmita na jenereta anaweza kuingia nyumba elfu moja kabla ya chakula cha jioni.

Jenereta nimeitaja makusudi. Ile njia kuu ya umeme kutoka mabwawa ya Inga, iliyokamilika mwaka 1982 baada ya karibu miaka kumi ya ujenzi, inasafiri kilomita 1,700 hivi na kuishia hapa Kolwezi. Vijiji vingi imepita juu ya mapaa yao bila kuwaachia hata taa moja, maana ilijengwa kwa ajili ya shaba. Nasi tulio mwisho wa njia hiyo twajua giza ni nini. Kwa hiyo mwenye kituo hununua mafuta, hulipa mafundi, hulipa ada za serikali, na sadaka ya Jumapili haitoshi. Hapo ndipo saa za hewani zinapouzwa. Mchungaji wa kanisa dogo ananunua saa moja, mwanasiasa ananunua mbili, kampuni inalipia sherehe ya kukabidhi darasa lililopakwa rangi upya. Mwandishi anayefika kwenye sherehe hiyo anarudi na kupaje yake, ile bahasha ya nauli ambayo kila mtu Kongo anaijua na kila mtu anajifanya haioni. Simlaumu, mshahara wake mara nyingi ni hiyo bahasha. Lakini taarifa ya jioni inakuwa orodha ya waliolipa. Mjane wa mchimbaji hana cha kulipa.

Kuna na hatari ya pili, nayo ni kwamba mhubiri mwenye kioo anaanza kuona kwamba nchi nzima ni kanisa lake. Mchungaji Fernando Kutino wa Kinshasa, mwenye kituo cha Message de Vie, aliingia kwenye mvutano mkali na serikali ya Rais Kabila. Mei 2006, miezi michache kabla ya uchaguzi, alikamatwa, watu wenye silaha wakavamia kituo chake na kuharibu vyombo, na Juni akahukumiwa miaka 20 jela katika kesi ambayo watetezi wa haki za binadamu waliiona haikuwa ya haki. Aliachiwa mwaka 2014. Miezi michache kabla ya hapo, tarehe 30 Desemba 2013, wafuasi wa Joseph Mukungubila, aliyejiita nabii wa Mungu wa Milele na aliyewahi kugombea urais, walivamia jengo la televisheni ya taifa Kinshasa wakawashika watangazaji wakiwa hewani. Siku hiyohiyo risasi zililia Lubumbashi kwenye makazi yake. Waliokufa walizidi 100, wengi wao watu waliomwamini. Nabii mwenyewe alifika salama Afrika Kusini.

Sitaki kuwaweka Kutino na Mukungubila kwenye kapu moja, mmoja aliumizwa na mwingine aliwapeleka watu kuuawa. Ninachokiona kwa wote ni jinsi kipaza sauti kilivyopiganiwa. Kila upande uliamini kwamba anayekishika ameshika nchi. Ni imani ya yale mawingu ya jioni, imebadilisha tu mavazi.

Mfano tofauti ni Elikya, redio na televisheni ya Wakatoliki wa Kinshasa. Januari 2015 watu waliandamana kupinga mabadiliko ya sheria ya uchaguzi, wakapigwa risasi barabarani, na Kardinali Monsengwo akalaani mauaji hayo. Mawimbi ya Elikya yakakatwa. Kituo hicho hakikumiliki jeshi wala hakikuwa na mgombea. Kilikuwa kimepokea habari ya Wagalilaya.

Sasa tuje Siloamu, maana ndiko Injili inakotupeleka na ndiko sisi wa Lualaba tunakoishi.

Alhamisi tarehe 27 Juni 2019 ukingo uliporomoka ndani ya shimo la KOV, katika eneo la Kamoto Copper Company, kampuni ya Glencore. Waliofukiwa walikuwa wachimbaji wa mikono walioingia bila idhini kutafuta shaba na kobalti. Serikali ya mkoa ilihesabu wafu 43. Kampuni ilieleza kwamba watu kama 2,000 kwa siku walikuwa wakiingia kwenye maeneo yake. Siku zilizofuata jeshi lilitumwa kuwaondoa waliobaki. Dunia ilipata habari hiyo ndani ya saa chache, pamoja na bei ya hisa za kampuni siku ile.

Na mitaani mwetu, nani asiyejua yanayosemwa udongo unapowafunika vijana? Walitoa kafara. Fedha yao waliinywa na kuimaliza kwa wanawake. Waliiba, Mungu amewalipa. Maneno hayo yanasemwa sokoni, yanasemwa kwenye matanga kwa sauti ya chini, na tusidanganyane, yanasemwa hata mimbarani. Yana faida kubwa kwa anayeyasema: yanampa usingizi. Kama wale 43 walikufa kwa dhambi zao, basi mimi niliyebaki nina heri, na hakuna haja ya kuuliza ukingo ulikuwa na mwinuko gani, nani aliacha kijana wa miaka 19 ashuke mle, nani anamsubiri kule kwenye soko la madini la Musompo na mizani yake, na betri ya gari la nani inangoja mfuko huo.

Yesu mwenyewe aliuliza jambo hilohilo. Je, waliopondwa na mnara walikuwa wadeni kuliko wakazi wengine wote wa Yerusalemu? Alijibu hapana, na juu ya Wagalilaya alikuwa amekwisha kujibu hapana. Ndipo akawageuzia uso walioleta habari: ninyi je, mtatubu? Toba katika Injili hii inadaiwa kwa walio hai, kwa wanaotazama. Haidaiwi kwa maiti.

Nilinganishe na kituo ambacho wengi wenu mlikifuata kwa dekoda. Emmanuel TV ya T.B. Joshua, kutoka Lagos, ilianza mwaka 2006, na upesi ikaingia nyumba nyingi za Afrika, zetu zikiwemo. Tarehe 12 Septemba 2014 nyumba ya wageni ya kanisa hilo, huko Ikotun, iliporomoka ikaua watu 116, wengi wao mahujaji kutoka Afrika Kusini. Hapo palikuwa Siloamu halisi, tena uani mwa kanisa lenye mnara wa kurushia picha dunia nzima. Mhubiri alionyesha picha za ndege iliyopita juu ya jengo kabla halijaanguka, akaacha watazamaji wafikirie hujuma. Mwaka 2015 uchunguzi wa mahakama ulikuta kwamba jengo lenyewe lilikuwa na kasoro na halikuwa na kibali. Marehemu yuko kwa Mungu sasa, simhukumu. Nataka tuone tu jinsi kioo kilivyotumika. Familia za Soweto na Durban zilikuwa na swali moja, zikarushiwa ndege.

Je, sisi tungefanya nini? Tujibu bila haraka, maana Kanisa Katoliki nalo lina wafadhili, na bati za parokia nyingi za Lualaba zina uhusiano na kampuni fulani. Siku ukingo unapoporomoka kwenye mgodi wa mfadhili, kamera ya jimbo itaelekea wapi? Kule Kasulo, tangu mwaka 2014 watu walipogundua madini chini ya mtaa wao, walichimba uani na hata ndani ya vyumba, hadi sehemu ya mtaa ikabomolewa, watu wakahamishwa, uzio ukajengwa. Hilo ni jambo la kila siku la kituo cha Kikristo kama kweli ni cha hapa: nani alilipwa, nani hakulipwa, kisima kipi kimeharibika, mtoto gani ameacha shule kuosha mawe. Mahubiri yatakuwepo, misa itakuwepo kwa ajili ya wagonjwa, Klara atufurahie. Lakini nusu ya kazi ya kituo ni kuwa na mlango ambao mama wa Kapata anaweza kuupita na mikono mitupu, aketi, aseme, na yale aliyosema yachunguzwe kwa uaminifu kabla ya kurushwa, hata kama ni machungu kwa mkubwa.

Mwisho wa somo upo mtini. Miaka mitatu bwana anakuja kutafuta tunda, hakuna. Anasema ukatwe, mbona unachosha udongo bure? Sichoki kumpenda yule mtunza bustani. Hatetei mti kwa kusema una majani mazuri au unaonekana kutoka mbali. Anaomba mwaka mmoja, na anataja kazi atakayoifanya: atachimba kuuzunguka, ataweka samadi. Kwetu sisi kuchimba si neno geni, mikono ya mji mzima inalijua. Ila huyu anachimba ili kitu kilicho hai kipate kuzaa, na analipia mwaka huo kwa jasho lake mwenyewe.

Kwa hiyo vijana wanaotaka mnara nawapa kazi moja kwanza, na haihitaji transmita wala jenereta. Jumuiya za Musonoi, Luilu, Kapata na Kasulo zikusanye majina ya waliokufa mashimoni tangu Kwaresima iliyopita, kwa idhini ya familia, bila kuuliza kama marehemu alikuwa wetu au wa kanisa jingine, na bila kuuliza kama aliingia kwa kibali. Kila jina liende na sentensi mbili au tatu kutoka kwa mtu aliyemfahamu: alitoka wapi, aliacha nani, alipenda nini. Mwenye simu arekodi sauti ya msimulizi na kuitunza. Tutayasoma katika misa ya Dominika ijayo, kabla ya maombi ya waamini, yote, hata kama misa itachelewa. Majina yafikishwe kwa makatekista kabla ya Ijumaa jioni.